Mtoto wa miezi tisa anaogelea Jumamosi na anakula mwenyewe, bibi yake hataki vyote viwili. Naomba mawazo

MamaTwiga (Dar)

Habari za jioni wapendwa. Naomba mawazo ya wamama na wababa mnaolea, maana hapa nyumbani mada ni hiyo hiyo asubuhi mpaka usiku. Mwanangu ana miezi tisa anaelekea kumi, wa kiume, ndo wa kwanza kwangu. Tangu alipofikisha miezi sita nampeleka kuogelea Jumamosi, kuna hoteli huku Mbezi Beach ina bwawa dogo la watoto na mwalimu wa kike anafundisha watoto wachanga pamoja na mama zao. Unaingia naye majini, unamshika makwapani kakuangalia usoni, mwalimu anaimbisha, mnazunguka, mtoto anamwagiwa maji na kikombe, mwanzoni begani tu, wiki zinavyokwenda kisogoni, halafu usoni, na kabla ya kumwagiwa lazima uhesabu moja mbili tatu kwa sauti ile ile kila siku. Sasa hivi nikifika mbili tu anafumba macho na kubana mdomo mwenyewe jamani! Anapiga miguu, analala chali kichwa kikiwa begani kwangu, ukimkalisha ukingoni ukamwingiza taratibu anatafuta ukuta aushike. Anacheka mpaka watu wa meza za pembeni wanageuka. Mimi mwenyewe sijui kuogelea, nimekulia Singida, maji mengi niliyoyajua ni ya mvua, kwa hiyo nikimwona vile nafurahi mpaka koo linabana.

Upande wa chakula nilianza kawaida na uji na boga la kuponda ila kijiko alikuwa anakipiga kofi, anageuza shingo, mlo mmoja saa nzima na wote tumechoka. Siku moja nimempakata nakula akanyakua kiazi kitamu kwenye sahani yangu akakipeleka mdomoni akakimung'unya mpaka kikaisha. Tangu hapo namkatia vitu laini urefu wa kidole changu, kiazi, boga, parachichi, ndizi iliyoiva vizuri, kitonge cha ugali laini na mchuzi, samaki nimemchambua miba, anakula mwenyewe kwa mikono. Kinachoingia tumboni na kinachobaki nywele, shingo na sakafu siwezi kuwaambia kipi kingi, ila halii tena akiona chakula.

Sasa mama mkwe kaja kutusalimia kutoka Moshi. Nampenda kwa kweli, mama huyu ndo alinikanda na kuniogesha nilipojifungua, kwa hiyo sio mtu wa kumjibu hovyo. Anasema kumtumbukiza mtoto mchanga kwenye maji baridi ni kumtafutia nimonia, na mtoto akipiga chafya Jumapili naangaliwa mimi. Halafu anasema mtoto haachiwi chakula achezee, mtoto analishwa. Katengeneza mtori mzito wa ndizi na nyama, mtamu hasa, kamlaza miguuni kaanza kumlisha kwa nguvu, mtoto kalia mpaka katapika wote. Na akishika chakula kwa mkono wa kushoto anapigwa kakofi mkononi. Kliniki mwezi huu kaongezeka uzito kidogo kuliko mwezi uliopita, mstari kwenye kadi bado unapanda ila sio kwa kasi ile ya mwanzo, na hapo ndo bibi kapata ushahidi.

Naomba kujua, niendelee na maji au nisubiri akue? Nirudie kijiko? Na siku ya kuogelea ale kabla au baada, maana akitoka majini ana njaa kali na usingizi kwa wakati mmoja, anarusha kila kitu. Na kupaliwa ndo kunaninyima usingizi kuliko vyote, wenzangu mnafanyaje?

BabaWawili

Dada pole ila mi niko upande wa bibi. Wengi wetu hapa tumelishwa uji kwa kiganja tukiwa tumebanwa kwenye mapaja ya mama na tumekua. Mtoto wa miezi tisa hajui kushiba, anajua kuchezea. Hiyo ada ya bwawa nunua mayai na nyama. Mwanangu wa pili alikwamwa na kipande cha embe bichi, akawa hatoi hata sauti, jirani ndo alimgeuza akampiga mgongoni kikatoka, mpaka leo nikikumbuka mikono inatetemeka. Vipande havifai kabla ya magego, sitakuficha.

NesiZiwani (Mwanza)

MamaTwiga hongera kwa malezi, na BabaWawili pole sana kwa hilo la mtoto, linaumiza na nitalirudia chini. Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwa hiyo haya maswali nayasikia kila wiki, ntaandika ndefu mnisamehe.

Nimonia kwanza. Inaletwa na vijidudu, bakteria na virusi, maji hayaitengenezi. Ndo maana watoto wetu wanachomwa chanjo ya nimonia wakiwa na wiki 6, 10 na 14, angalia kadi yake kama zimekamilika na umwonyeshe bibi kwa upole. Ila bibi ana jambo, mtoto mdogo anapoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Akianza kutetemeka au midomo ikibadilika rangi toka hapo hapo, mfunge taulo, mvalishe na kofia. Akiwa na homa, anaharisha au anapumua kwa shida asiende kabisa, kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wa wenzio.

Halafu kuna hili naomba ulisome mara mbili. Masomo ya kuogelea kwa mtoto chini ya mwaka mmoja hayamkingi na kufa maji. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipotoa mwongozo wake 2019 kilisema mafunzo yanaweza kupunguza hatari kuanzia mwaka mmoja na kuendelea, chini ya hapo hakuna ushahidi. Unachopata sasa ni furaha, kuzoea maji na muda wako na mwanao, na hivyo vinatosha kuendelea. Ila mtoto aliyezoea kuchekea maji anayafuata popote yalipo. Miezi kumi ndo anaanza kusimama kwa kushikilia vitu, na nyumba zetu zina nini? Ndoo, diaba la nguo, pipa la akiba kwa siku maji ya bomba ya dawasa yakikatika. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama kwenye ndoo akadumbukia kichwa chini hawezi kujitoa, na halii, hakuna kelele, jikoni hutasikia kitu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto chini ya miaka mitano. Huku kwetu ziwani watu wakisikia kufa maji wanawaza mtumbwi na ile meli iliyozama, MV Bukoba, lakini mtoto anayetambaa ndoo moja inamtosha. Kwa hiyo ndoo ikiisha kazi mwaga au pindua, pipa lifunikwe kwa mfuniko unaobana, mlango wa bafu ufungwe, na umwambie dada wa kazi kwa msisitizo huo huo.

Sasa chakula. BabaWawili, mtoto anajua kushiba. Akigeuza shingo, akifunga mdomo, akisukuma mkono wako, anakuambia. Kinachonitisha mimi ni huko kulisha kwa kiganja mtoto kalazwa chali analia, maana mtoto anayelia anavuta hewa ndani kwa nguvu na uji unaenda na hewa mapafuni. Nimewapokea watoto wa hivyo. Kipande laini anachokishika mwenyewe akiwa amekaa wima ni salama kuliko uji wa kumiminiwa. Kuna utafiti ulifanyika New Zealand ukatoka 2016, walifuatilia watoto wanaojilisha na wanaolishwa kijiko, wazazi wa wanaojilisha wakiwa wamefundishwa vyakula vya kuepuka, hawakuona tofauti ya kupaliwa kati ya makundi hayo. Siri iko hapo kwenye kufundishwa. Embe bichi gumu, karoti mbichi, tufaha bichi, karanga nzima, bisi, zabibu nzima, vipande vya nyama ngumu, soseji ya kukatwa duara, hivyo hapana. Kipime kwa vidole viwili, kikipondeka ukikibana basi na fizi zake zitakiponda. Magego yatakuja mbele huko, kumsubiri mpaka yaote ndo umpe vipande ni kumchelewesha kutafuna. Na asali hapana mpaka atimize mwaka, hata tone la kulainisha kikohozi.

Uzito, usiogope mapema. Baada ya miezi sita watoto wote hupunguza kasi, ni kawaida. Ninachoangalia ni mwelekeo, mstari ukilala bapa au ukishuka ndo unakuja haraka. Miezi tisa anatakiwa ale mara tatu au nne kwa siku, kila mlo kama nusu ya kikombe cha robo lita, na kitu kidogo katikati, na ziwa liendelee. Ila nimesoma orodha yako, kiazi, boga, parachichi, ndizi, ugali, jamani madini ya chuma yako wapi? Akiba aliyozaliwa nayo inaisha miezi hii. Weka maini laini mara moja moja, nyama ya kusaga umeiviringa kama kidole, kiini cha yai, maharage uliyoyabonyeza, unga wa dagaa kwenye kila kitu. Na kijiko sio adui, mpe kimeshajazwa mtori mzito akipeleke mwenyewe mdomoni. Mtori wa bibi ni chakula kizuri mno, ndizi na nyama humo humo, usiutupe ugomvini.

Shangazi_Leicester

Mie niko Uingereza mwaka wa kumi na kitu sasa, watoto wangu wote wawili wameenda kuogelea wangali wachanga, huku ni kitu cha kawaida kabisa, mabwawa ya mtaa yana vipindi vya mama na mtoto. Wanachofuata sana ni joto la maji, bwawa la wachanga linapashwa kama nyuzi 32, bwawa la kawaida la watu wazima ni baridi kwao. Sasa Dar hamna haja ya kupasha miezi ya joto ila Juni Julai maji ya asubuhi yanakuwa na ubaridi, nenda saa nne saa tano jua likishayapa joto kidogo lakini kabla halijawa kali, chini ya kivuli. Anza dakika kumi, mtoto chini ya mwaka asizidi nusu saa hata kama anacheka. Pampasi ya kawaida inavimba maji inakuwa mzigo, tafuta zile za kuogelea, na juu yake chupi ya mpira ya kubana mapaja.

Vitu viwili zaidi. Yale maboya ya kuvalishwa shingoni ambayo mtoto ananing'inia kichwa tu nje, nimeona picha watu wanauza mpaka Kariakoo, usinunue, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo 2022, mtoto anaweza kuteleza akazama au akaumia shingo. Na mwalimu akitaka kumzamisha mzima mzima mara nyingi kwa kipindi kimoja kataa. Mtoto akimeza maji mengi chumvi ya damu inashuka, anaweza kupata hata degedege. Huyo wako anavyohesabu na kumwaga kikombe ndo inavyotakiwa, nimempenda bila kumjua.

Ratiba yetu ilikuwa hivi, chakula kamili muda wa saa moja na nusu hivi kabla ya kuingia majini, akitoka ziwa hapo hapo kwenye taulo, analala, akiamka ndo anakaa mezani. Usimwekee vipande akiwa na usingizi, hapo ndo kupaliwa kunakuja, mtoto anasinzia na chakula mdomoni. Na kwenye gari hivyo hivyo, asile akiwa nyuma peke yake.

BintiMvita

Assalam alaikum na habari kwa wote. Hapa Mombasa kwetu mtoto kula mwenyewe si jambo la kigeni wallahi, sinia likitandikwa mkekani mtoto akijua kukaa hukaa kando ya bibi yake, huwekewa upande wake, wali wa nazi ulopondwa ponda, mchuzi wa samaki usio pilipili, bibi amtia kitonge mkononi nae mwenyewe hula. Wali wa nazi washikana, mtoto hauwezi kumponyoka kama wali mkavu. Mwanangu wa kike hakuwahi kuwa na kiti cha kulia hata siku moja.

Habari ya mkono wa kushoto, namfahamu bibi kabisa, hata mie nataka wanangu wale kwa mkono wa kulia na bismillah. Ila mtoto wa umri huu hajui ni upi. Kumpiga hufanya aone chakula ni adhabu. Sisi twamwekea chakula upande wa kulia na toi twampa mkono wa kushoto alishike, hapo mkono unoachwa ndio unaokula. Ataiga mwenyewe taratibu kwa kutuona wakubwa.

Na chakula kutupwa chini, hilo najua lamuuma bibi yako kuliko yote. Weka vipande viwili vitatu tu kwa wakati, na chini utandike kitambaa cha plastiki safi ulichokiosha, kikianguka ukirudishe. Akianza kurusha ujue kashiba, toa sinia bila kelele.

Kuogelea sie bahari ndio bwawa letu. Nampeleka ufuo wa Pirates asubuhi maji yakiwa yanakupwa, yamebaki vidimbwi vya vuguvugu hapo mchangani. Msimu wa kaskazi bahari yatulia, kusi ikivuma simpeleki, mawimbi hayana adabu na mtoto.

MwaliWaUnguja

MamaTwiga umesema hujui kuogelea wewe mwenyewe, hilo ndo limenishika mimi. Mwalimu akikupa mgongo dakika moja mtoto akakuponyoka utafanyaje? Jifunze na wewe dada. Huku Nungwi mradi wa Panje ulifundisha wasichana na wanawake waliokulia ufukweni na hawajawahi kuelea, wanaingia na nguo za kujistiri kuanzia kichwani mpaka miguuni, kwanza wanajifunza kuelea chali na kupumua. Nimewaona kwa macho yangu mama mtu mzima anaelea kwa mara ya kwanza analia kwa furaha. Haikuchelewa kwako.

MamaTwiga (Dar)

Nimesoma zote usiku huu, zingine nimemsomea mume wangu kwa sauti. Asanteni mno, sikutegemea.

Nesi hilo la ndoo limenitoa jasho, nimeinuka hapo hapo nikaenda kuangalia, diaba lilikuwa limejaa maji ya nguo za kesho. Limemwagwa. Pipa mume wangu kasema kesho anatafuta mfuniko wa kufungia.

Bibi nimeongea naye leo mchana, sikumwambia nimesoma mtandaoni, nimemwambia mama naomba unifundishe mtori wako, ila tumjaribishe kumpa kijiko ashike. Kapika mzito kabisa hadi kijiko kinasimama, mimi najaza, bibi anamkabidhi, mtoto anapeleka mdomoni, kingine kinaenda jichoni. Bibi alikuwa kanyamaza. Akamaliza vijiko kadhaa bila kulia halafu akafunga mdomo, bibi akasema huyu kashiba, mwenyewe! Bado hajaafiki mambo ya bwawa ila kasema Jumamosi atakuja aone, nami nimefurahi, atashika taulo. Na MwaliWaUnguja nimemtumia meseji mwalimu kuuliza kama anafundisha watu wazima, kajibu ndiyo jioni za katikati ya wiki. Naanza.

BintiMvita hilo la kumpa toi mkono wa kushoto tumelifanya jioni hii na bibi kalipenda sana.

BabaWawili

Sawa dada, sipingi tena sana. Nesi nachoomba, hiyo huduma ya kwanza uieleze hapa kwa sisi tusio wataalamu, maana siku ile mimi nilisimama tu.

NesiZiwani (Mwanza)

Vizuri umeuliza. Mtoto akikohoa kwa sauti, akiwa mwekundu, anatoa ulimi na kusukuma chakula mbele, mwache, usimtie kidole, anajisaidia mwenyewe na kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Hatari ni ukimya, hakohoi, halii, hewa haipiti, rangi inabadilika. Hapo kwa mtoto chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, taya umelishika, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Haijatoka, mgeuze chali, kichwa bado chini, msukume katikati ya kifua mara tano. Unarudia hivyo hivyo huku mwingine anatafuta usafiri. Akilegea akapoteza fahamu anza kumpa pumzi na kumsukuma kifua, na ndio maana nasema nendeni mkafundishwe kwa mikono yenu, kusoma pekee hakutoshi. Usipekue koo kwa kidole bila kukiona kitu, utakisukuma ndani zaidi. Na tumboni usimminye mtoto mchanga, ni mgongo na kifua tu.

Jirani yako alifanya jambo sahihi kabisa, mshukuru tena kwa niaba yangu.

MamaTwiga (Dar)

Nesi la mwisho nisikuchoshe, unga wa dagaa unautengenezaje? Nilionunua sokoni ulikuwa na mchanga mpaka mimi mwenyewe nilishindwa.

NesiZiwani (Mwanza)

Huo walianikwa chini mchangani mpendwa. Usinunue uliosagwa tayari, nunua dagaa wazima, uliza walioanikwa kwenye chanja, watakuwa bei juu kidogo ila lipa. Toa vichwa na matumbo, waoshe kwa maji ya vuguvugu ukibadilisha maji mpaka chini ya beseni pasibaki punje hata moja, waanike juani wakauke, wakaange bila mafuta moto mdogo hadi wavunjike ukiwashika, saga, chekecha kwa chujio la chai. Usitie chumvi. Weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, tengeneza kidogo kidogo usikae muda mrefu. Kijiko kimoja cha chai kwenye mtori au ndani ya kitonge cha ugali. Mwanzo mpe kidogo uangalie siku mbili tatu kama hana vipele, akiwa sawa ongeza.